Vifaa vya Muziki vya Kidijitali Vinavyochelewa Kuwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wapiga vinanda, ma-DJ, mafundi mitambo na watayarishaji wa muziki huuliza kuhusu vifaa vinavyochukua muda mrefu tangu swichi ibonyezwe hadi sauti itoke. Majibu yanahusu sintesaiza (vinanda vinavyounda sauti kwa umeme), sampla (vifaa vinavyopiga sauti zilizorekodiwa), piano za kidijitali, meza za kuchanganyia sauti na kompyuta za studio. Msimamo unaopita katika majibu yote ni mmoja: muda wa kuwaka ni jambo dogo asubuhi studioni, lakini ni jambo kubwa sana umeme unapokatika katikati ya wimbo, kwa hiyo kifaa kipimwe kwa kuzingatia hali hiyo ya pili.

Kifaa huhesabiwa kuwa kimewaka wakati gani?

Ni pale unapobonyeza noti na sauti uliyoikusudia ikasikika kwenye spika, si pale skrini inapopata mwanga wala nembo ya mtengenezaji inapotokea. Kuna vifaa vinavyoonyesha ukurasa wa kwanza upesi ilhali vinaendelea kupakia sauti kimyakimya, na mpigaji anayeamini skrini hujikuta anapiga vibao visivyotoa kitu.

Kupima ni rahisi. Zima kifaa kabisa, subiri kama nusu dakika, washa huku saa ya simu ikihesabu, na skrini ikishatulia ubonyeze noti moja kila baada ya sekunde hadi isikike. Pima kwanza kifaa kikiwa kitupu, yaani bila kadi, bila flashi ya USB na bila kebo ya kompyuta, kisha upime kikiwa kimefungwa kila kitu kama kinavyokuwa jukwaani. Tofauti ya namba hizo mbili itakuonyesha mapema kama tatizo limo ndani ya kifaa au limechomekwa kwa nje, na hapo utajiepusha na matengenezo mengi yasiyo na sababu.

Kwa nini sintesaiza ya miaka ya 1980 ilikuwa tayari papo hapo, ilhali ya kisasa hunisubirisha?

Kwa sababu ile ya zamani haikuwa na cha kupakia. Tuchukue Yamaha DX7, iliyoingia sokoni mwaka 1983. Programu yake iliwekwa kwenye chipu za ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu, ambazo prosesa ilizisoma moja kwa moja, bila kunakili chochote kwanza kwenda mahali pengine. Sauti zake 32 za ndani zilikaa kwenye kumbukumbu ndogo iliyohifadhiwa na betri, na kila sauti haikuwa rekodi bali orodha fupi ya namba zinazoeleza jinsi mawimbi yanavyorekebishana. Sauti zote 32 zikitumwa kwa MIDI (njia ambayo vifaa vya muziki huwasiliana kwayo) ni baiti 4,104, ambazo kwa kasi ya MIDI ya biti 31,250 kwa sekunde husafiri kwa muda wa sekunde moja na ushei. Ala ya namna hiyo haina sababu ya kukuchelewesha.

Linganisha na Korg OASYS ya mwaka 2005, iliyokuwa na prosesa ya Pentium 4, diski kuu na mfumo wa uendeshaji wa Linux, au Korg Kronos iliyofuata mwaka 2011, nayo ikiendeshwa na Linux na ikisoma sampuli zake (sauti zilizorekodiwa) kutoka SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka. Anayewasha ala hizo anawasha kompyuta kamili iliyovikwa vibao vya kinanda, na muda wake wa kuwaka huzidi dakika moja. Si haki kuziita mbovu kwa sababu hiyo. Muda huo ni gharama ya kuwa na piano iliyorekodiwa noti kwa noti pamoja na injini kadhaa za sauti ndani ya chombo kimoja. Kinachostahili kulaumiwa ni kifaa kinachochukua muda uleule huku kikitoa sauti chache na ndogo.

Kwa hiyo vifaa vyote vya zamani vilikuwa vya haraka?

La hasha. Sampla za kwanza zilikuwa za polepole kuliko nyingi za leo. E-mu Emulator ya mwaka 1981 ilipakia sauti zake kutoka diski laini, na Ensoniq Mirage ya katikati ya miaka ya 1980 haikuweza hata kuanza kazi bila diski, kwa sababu mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa humo humo pamoja na sauti. Aliyesahau diski nyumbani alikuwa amebeba samani.

Hesabu ya diski laini ya megabaiti 1.44, ambayo sampla za baadaye zilitumia kwa miaka mingi, inaeleza subira ile vizuri. Diski hiyo ina njia 80 kila upande, jumla 160, na huzunguka mara 300 kwa dakika, maana yake kila mzunguko ni sehemu ya tano ya sekunde. Hata kama kichwa kingesoma njia moja kwa kila mzunguko bila kupoteza hata hatua moja, diski nzima ingechukua sekunde 32. Kwa kuwa kichwa lazima kisogee kutoka njia moja hadi nyingine, na kwa kuwa sehemu zenye hitilafu husomwa upya, muda halisi ulikuwa mrefu zaidi, na seti moja ya sauti ingeweza kuhitaji diski kadhaa. Mtu mwenye sampla ya aina hiyo hadi leo anaweza kufunga kifaa cha kuiga diski laini kinachosoma flashi ya USB. Kifaa hicho huondoa kelele na wasiwasi wa diski kuharibika, lakini katika sampla nyingi kasi haibadiliki sana, kwa kuwa sampla yenyewe bado inaamini inasoma diski inayozunguka.

Ni mambo gani yanayofanyika ndani ya kifaa wakati ninasubiri?

Kwanza umeme hutulia na prosesa huamshwa. Programu fupi ya kuanzia hukagua kumbukumbu, kisha huita programu dhibiti (programu ya ndani inayoendesha kifaa) au mfumo wa uendeshaji. Hapa aina ya chipu ina athari yake: flashi ya NOR inaweza kusomwa na prosesa moja kwa moja, karibu kama ROM ya zamani, lakini ni ghali kwa ujazo mkubwa, flashi ya NAND ni rahisi na ina nafasi kubwa, ila yaliyomo lazima yanakiliwe kwanza kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ndipo yatumike. Vifaa vyenye maktaba kubwa za sauti hutumia NAND, na unakili huo ni sehemu ya subira yako.

Baada ya hapo mfumo hukagua mafaili, huwasha viendeshi vya skrini, vibao, vifundo na milango ya USB, hufungua programu ya muziki yenyewe, husoma orodha ya sauti, na mwisho hupakia sauti au projekti iliyotumika mara ya mwisho. Relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kutokea sauti kwa kawaida hufunguliwa mwishoni kabisa, ili mshindo wa umeme usifike kwenye spika, na ule mlio mdogo wa "tak" unaosikika ndani ya kinanda mara nyingi ni relei hiyo.

Wengi hudhani kiini cha mfumo, yaani sehemu yake ya msingi inayosimamia prosesa na kumbukumbu, ndicho kizito. Katika vifaa vya Linux kiini chenyewe kinaweza kuwa tayari ndani ya sekunde chache, na muda mwingi huliwa na huduma zinazofuata, hasa pale mtengenezaji alipozipanga zisubiriane foleni ilhali zingeweza kwenda sambamba. Kifaa kinachosubiri mtandao wa Wi-Fi usiokuwepo kabla ya kuruhusu noti ya piano isikike kimepangwa vibaya. Kama chako kina Wi-Fi na huitumii jukwaani, izime kwenye mipangilio kisha upime tena.

Sampuli za sauti zina mchango gani katika ucheleweshaji huo?

Mara nyingi ndizo zenye mchango mkubwa kuliko vyote. Sauti ya ubora wa CD, yaani stirio ya biti 16 katika 44.1 kHz, inahitaji baiti 176,400 kwa kila sekunde. Sasa fikiria piano iliyorekodiwa kwa uangalifu: noti 88, kila moja kwa nguvu 8 tofauti za kubonyeza, kila rekodi ikidumu sekunde 20. Hizo ni rekodi 704, na jumla yake inakaribia gigabaiti 2.5. Diski inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde itazimaliza kwa takriban sekunde 17, ikiwa zimepangwa mfululizo. Njia ya USB 2.0, ambayo katika matumizi halisi mara nyingi huishia kwenye megabaiti 30 hivi kwa sekunde, itahitaji zaidi ya sekunde 80. Hiyo ni piano moja, na kinanda cha jukwaani huwa na ala nyingi.

Ndiyo maana ilibuniwa njia ya kusoma sauti kutoka diski wakati wa kupiga, ambayo GigaSampler iliieneza kwenye kompyuta mwaka 1998. Kwa njia hiyo programu hupakia kwenye RAM kichwa tu cha kila rekodi, na noti inapobonyezwa kichwa hicho hulia huku sehemu iliyobaki ikifuatwa kwenye diski. Tukirudi kwenye piano yetu, nusu sekunde ya kwanza ya rekodi zote 704 ni megabaiti 62 tu. Gigabaiti mbili na nusu zimekuwa megabaiti sitini na mbili, na mpigaji hasikii tofauti yoyote mradi diski inaenda na kasi ya vidole vyake.

Kutokana na hayo, ushauri wa kwanza kwa mtumiaji wa sampla au kituo cha utayarishaji ni kutazama kile kinachopakiwa chenyewe kila kifaa kinapowashwa. Vifaa vingi huruhusu kuchagua projekti ya kuanzia. Weka projekti nyepesi yenye sauti unazozihitaji kwa wimbo wa kwanza tu, na zile nzito uziite wakati wa mapumziko. Jambo hili halihitaji fundi wala fedha, na mara nyingi lina manufaa kuliko kununua kitu kipya.

Nikibadilisha diski kuu na kuweka SSD, nitaona tofauti?

Kwenye kompyuta ya studio, ndiyo, na ni tofauti kubwa, ila sababu yake si ile inayotajwa sana. Watu hulinganisha megabaiti kwa sekunde, lakini maktaba za sauti ni maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na hapo diski inayozunguka huumia zaidi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 4 ili sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa, juu ya milisekunde 8 au 9 za kichwa kusogea. Kwa mafaili 5,000 huo ni muda wa karibu dakika nzima ambao diski inautumia kutafuta tu, kabla hatujahesabu hata baiti moja iliyosomwa. SSD hufanya utafutaji huohuo kwa sehemu ndogo ya milisekunde, kwa hiyo dakika inageuka kuwa chini ya sekunde moja.

Kwenye ala yenye diski ya ndani, uwe mwangalifu zaidi. Baadhi hukubali diski yoyote ya muundo unaolingana. Nyingine zimefungwa zisitambue diski isiyotoka kiwandani, na kuifungua tu kunaweza kuondoa dhamana. Isitoshe, ikiwa prosesa ya kifaa ni dhaifu au njia ya ndani ni ya polepole, SSD ya kasi itakuwa inasubiri kama wewe unavyosubiri.

Je, kadi ya kumbukumbu au flashi ya USB inaweza kuwa ndiyo chanzo?

Inaweza, na inashangaza ni mara ngapi huwa hivyo. Kifaa kinapowaka hukagua kila kilichochomekwa, na baadhi huorodhesha kila faili kabla ya kuendelea. Chomeka flashi ya gigabaiti 128 iliyojaa picha, video na muziki wa miaka mingi kwenye kinanda, na utaona skrini imeganda kwenye nembo huku taa ya flashi ikipepesa bila kukoma. Ichomoe, zima, washa tena, na kinanda kinaamka kama kawaida. Hapo hakuna ubovu wowote. Kinanda kilikuwa kinasoma orodha isiyokihusu.

Tumia flashi ndogo ya kazi hiyo pekee, na uiandae ndani ya kifaa chenyewe badala ya kompyuta, ili muundo wa mafaili uwe ule kinaoutarajia. Kuhusu kadi za SD, alama ya "10" iliyozungushiwa duara inaahidi kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 10 kwa sekunde. Haisemi lolote kuhusu kusoma mafaili madogo, ambako ndiko kazi ya kuwaka iliko. Tena, kadi ya kasi haiharakishi mlango wa polepole. Ala za zamani zenye USB 1.1 zina kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 1.5, na hakuna flashi duniani itakayovuka kikomo hicho.

Kwa ma-DJ, jambo la kwanza ni kuchambua nyimbo kwenye kompyuta kabla ya onyesho. Flashi yenye nyimbo ambazo hazijachambuliwa huifanya mashine ikokotoe mapigo na kuchora mawimbi ya kila wimbo papo hapo, wakati watu wameshasimama mbele yako.

Kifaa changu kilikuwa kinawaka upesi kilipokuwa kipya. Kwa nini sasa kinachelewa?

Kilichozeeka kwa kawaida ni yaliyomo, si chuma. Umeongeza sauti, umejaza projekti, umesasisha programu iliyokuja na huduma mpya. Nakili kila kitu mahali salama, rudisha kifaa kwenye mipangilio ya kiwanda, upime upya. Kikirudi kwenye kasi yake ya zamani, rudisha vitu vyako kwa awamu na kupima kila awamu, na mhusika atajulikana.

Kisiporudi, basi kuna mambo ya chuma ya kuangalia. Kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) za sehemu ya umeme huchakaa, na kifaa kinaweza kujaribu kuwaka, kikashindwa, kikajaribu tena, jambo ambalo kwa mtazamaji linaonekana kama kuchelewa. Diski inayoanza kufa husoma sehemu moja mara nyingi kabla ya kukata tamaa. Betri ndogo ya ndani ikiisha, vifaa vingine hupoteza mipangilio na kuanza upya kila siku. Hiyo ni kazi rahisi kwa fundi, ila hifadhi sauti zako kabla haijatolewa. Adapta isiyo ya asili yenye volti sahihi lakini ampea pungufu nayo huleta dalili hizohizo, kwa sababu wakati wa kuwaka ndipo kifaa kinapovuta umeme mwingi.

Sintesaiza yangu ni ya analogi. Mbona nayo ina subira?

Inajipima sauti. Oseleta za analogi, yaani saketi zinazozalisha mawimbi ya sauti, hupanda na kushuka kufuatana na joto, kwa hiyo sintesaiza nyingi za analogi zenye prosesa hupiga kila oseleta ndani kwa ndani, hupima ilipo, na kuhifadhi sahihisho lake. Sequential Prophet-5 ya mwaka 1978 tayari ilikuwa na kitufe cha kazi hiyo. Iache ipate joto kwa dakika kumi hadi ishirini kisha uiamuru ijipime tena, kwa kuwa kipimo cha wakati wa baridi hakikai.

Je, kusasisha programu dhibiti kutapunguza muda wa kuwaka?

Wakati mwingine, na maelezo ya toleo jipya hulitaja jambo hilo waziwazi watengenezaji wanapokuwa wamelishughulikia. Yasipolitaja, usitarajie. Usisasishe siku ya onyesho, usizime kifaa kabla kazi haijaisha hata kama skrini haisogei, na fahamu kwamba uwashaji wa kwanza baada ya kusasisha mara nyingi huwa mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa kifaa kinapanga upya kumbukumbu zake.

Meza za kuchanganyia sauti za kidijitali zinatofautianaje katika jambo hili?

Zinatofautiana sana, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa mkali, maana kinanda kikizima bendi inaweza kuendelea, lakini meza ikizima kila mtu amenyamaza. Kuna meza zinazotumia programu ndogo maalumu na kurudi upesi, na kuna zinazobeba mfumo mzima wa kompyuta ambao huchukua muda wake.

Swali zuri zaidi kuliko muda wa kuwaka ni hili: je, injini ya sauti na uso wa meza vinategemeana? Katika baadhi ya meza kubwa, kompyuta inayoendesha skrini na vifundo inaweza kuwashwa upya wakati sauti inaendelea kupita bila kukatika, kwa sababu uchanganyaji unafanywa na chipu nyingine. Fundi mitambo anapoteza mikono yake kwa muda, hadhira haijui kitu. Meza kama hiyo ikichukua dakika mbili kuwaka bado ni salama kuliko ile inayochukua nusu dakika na kuzimisha ukumbi mzima.

Programu yangu ya kurekodi huchukua dakika nyingi kufunguka. Nianzie wapi?

Anzia kwenye plagini, yaani programu ndogo za ala na madoido zinazoongezwa ndani yake. Programu nyingi huzikagua zinapofunguka, na moja iliyoharibika au inayotafuta leseni yake kwenye mtandao inaweza kusimamisha nyingine zote. Tazama maandishi yanayopita kwenye dirisha la kufungulia: jina linalokaa pale pale kwa muda ndilo la kushughulikiwa. Ondoa plagini za majaribio ambazo muda wake umekwisha, na zile ulizowahi kuzipakua ukazijaribu mara moja tu. Diski ya nje iliyolala nayo huchelewesha, kwa kuwa mfumo husubiri ianze kuzunguka.

Watumiaji wa Kontakt, ambayo ni sampla ya kompyuta, wana njia moja yenye faida kubwa, nayo ni amri ya kuhifadhi upya ala zote za maktaba kwa pamoja. Baada ya kuhamisha maktaba kutoka diski moja kwenda nyingine, kila ala huanza kutafuta sampuli zake upya, na amri hiyo huandika njia sahihi mara moja ili utafutaji usirudiwe kila siku. Nakili maktaba kwanza, kwani mafaili ya ala huandikwa juu ya yale ya zamani.

Niwashe vifaa kwa utaratibu gani?

Vyanzo vya sauti kwanza, kisha meza, kisha amplifaya na spika zenye nguvu. Wakati wa kuzima, kinyume chake. Utaratibu huu unalinda spika, na pia una faida ya muda, kwa sababu kinachochelewa kuliko vyote kinaanza mapema. Kompyuta na hab ya USB (kifaa cha kuongeza milango) ziwe tayari kabla ya vifaa vinavyozitegemea. Mlango wa kawaida wa USB 2.0 hutoa miliampea 500 na ule wa USB 3.0 hutoa 900, hivyo ukining'iniza vinanda vitatu kwenye hab isiyo na umeme wake, kimojawapo kitashindwa kuamka au kitawaka na kuzima.

Jambo jingine dogo: usiegemee vibao wala kukanyaga pedali kifaa kinapowaka. Vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati huo ili kujua aina yake, na ukiwa umeikanyaga itafanya kazi kinyume, sauti ikivuta unapoachia. Katika baadhi, kushikilia kibao au kitufe fulani wakati wa kuwasha ni amri ya kufuta kila kitu na kurudi kwenye hali ya kiwanda.

Je, ni afadhali kuacha kifaa kikiwaka muda wote?

Kwa siku ya kazi, ndiyo. Kwa wiki nzima, hapana. Joto huchakaza kapasita na skrini, na umeme unapotea bure. Zingatia kwamba vifaa vingi vya sasa hujizima vyenyewe visipotumiwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1275/2008, ambayo sehemu yake ya usimamizi wa umeme ilianza kutumika mwaka 2013, ilivisukuma vifaa vingi kuwa na kipengele hicho, na kwa kuwa watengenezaji huuza modeli moja kila mahali, kimeenea kote. Muda uliowekwa mara nyingi ni dakika 30 au saa 4. Hotuba ndefu katikati ya hafla inatosha kukizima kinanda chako, na utagundua hivyo wimbo ukishaanza. Kizime kipengele hicho kwenye mipangilio kabla ya onyesho lolote, uhakikishe mabadiliko yamehifadhiwa kwa kuzima na kuwasha.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho nifanye nini?

La kufanya linafanywa kabla. Weka UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani unapokatika) kwa vifaa vinavyochelewa kuwaka, na kwa hivyo tu: kinanda, kompyuta, meza, na kifaa cha kupokea maikrofoni zisizo na waya. Amplifaya na spika usiziweke humo, kwa sababu zinakula umeme mwingi na zenyewe hurudi papo hapo. Vifaa vinavyotumia wati 60 kwa jumla vinahitaji wati-saa 10 tu kwa dakika 10, kiasi ambacho UPS ya kawaida ya mezani hukimudu betri yake ikiwa nzima. Jenereta inapochukua nafasi, spika zinarudi na kinanda hakijui kilichotokea.

UPS huhama kwenda kwenye betri kwa milisekunde chache, na akiba ndogo ya umeme iliyo ndani ya adapta nyingi huziba pengo hilo. Lijaribu wakati wa kupima sauti kwa kuchomoa plagi ya UPS ukutani huku unapiga. Kompyuta mpakato ina UPS yake tayari, yaani betri; ila kiolesura cha sauti (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta) kinachotumia adapta yake ya ukutani hakina, na kikizima, programu ya kompyuta hukipoteza, mara nyingi ikitaka ifunguliwe upya.

Kimekwama kwenye nembo. Nisubiri hadi lini kabla ya kukizima kwa nguvu?

Kama umeshapima muda wake wa kawaida, subiri mara tatu ya muda huo. Kikiwa kimetoka kuzimika kwa umeme kukatika, ongeza zaidi, kwa sababu huenda kinakagua mafaili yaliyoachwa wazi, na kukizima katikati ya ukaguzi huo ndiko kunakoharibu kweli. Baada ya hapo zima, chomoa kila kitu isipokuwa waya wa umeme, subiri nusu dakika, washa. Kikiamka, chomeka kimoja kimoja. Kisipoamka, tafuta katika kitabu cha maelekezo namna ya kukiwasha katika hali ya matengenezo, na usiirudie swichi mara kumi mfululizo.

Ninaponunua, niulize nini?

Usiulize kama ni cha haraka. Omba kiwashwe mbele yako kikiwa kimezimwa kabisa, si kutoka hali ya kusubiri, na kikiwa na maktaba iliyojaa, si tupu. Uliza kama kinakumbuka sauti ya mwisho au kinarudi kwenye ya kwanza kila kinapowaka, maana sekunde 20 za kuwaka pamoja na 40 za kuitafuta sauti yako ni dakika nzima. Uliza kama unaweza kupiga sauti moja wakati nyingine zinapakiwa. Kisha chomoa waya wa umeme kikiwa kinafanya kazi, kwa ruhusa ya muuzaji, urudishe na kuhesabu sekunde hadi noti ya kwanza, ukiangalia pia kama kilichokuwa kimebadilishwa bado kipo. Kwa cha mitumba, fanya jaribio hilo mara mbili, kikiwa baridi na kikiwa kimeshapata joto, kwa sababu hitilafu nyingi za sehemu ya umeme hujionyesha katika hali moja tu kati ya hizo.